Daftari la Jioni: Somo juu ya Kuandika Shajara na Afya ya Mwili



Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa parokia yetu alitusimamisha mlangoni. Akasema, "Shikamoo Mwalimu." Tukaitika. Akaendelea, "Wanasema kila jioni unakaa barazani unaandika mpaka giza linaingia. Unaandika nini, na shule ulishaiacha?" Tukacheka naye, tukamjibu kwamba tunaandika presha. Jibu lile lilikuwa kweli, lakini lilikuwa nusu ya kweli. Nusu iliyobaki ndiyo tunayotaka kuizungumza katika somo la safari hii, maana tangu siku ile watu wengine wawili wametuuliza jambo hilo hilo, na mmoja wao hakuuliza kwa mzaha.

Kitabu ambacho mtu huandika mwenyewe mambo yake ya kila siku huitwa shajara. Wengine husema diari. Sisi walimu neno shajara tulilizoea tangu chuo cha ualimu, kwa sababu pamoja na azimio la kazi na andalio la somo tulitakiwa kujaza shajara la somo, kuonyesha nini kimefundishwa, lini, na kimeishia wapi. Na kila shule ilikuwa na kitabu chake cha kumbukumbu. Ndani yake utaona siku upepo ulipoezua darasa la nne, siku mkaguzi alipofika bila taarifa, siku wanafunzi walipokwenda kuvuna. Tuliandika vitabu vya namna hiyo kwa miaka karibu 40. Wala hakuna hata kimoja kilichotuuliza tumelalaje.

Hapa Saza watu wanajua sana kazi ya daftari. Mgodi wa zamani, ule uliofungwa mwaka 1956, haukuendeshwa kwa kukisia. Na leo kila duara lenye utaratibu lina mtu wake wa kuandika: viroba vingapi vya mawe vimetoka, nani alishuka, nani ana fungu gani. Mwenye duka ana daftari la madeni. Mama ana kadi ya kliniki ya mtoto, yenye uzito wa kila mwezi. Basi dhahabu ina daftari, deni lina daftari, na uzito wa mtoto una mahali pake. Lile linalomwamsha mtu saa nane za usiku, akakaa kitandani anatazama paa, ndilo lisilo na daftari. Ajabu ni kwamba aghalabu hilo ndilo linalotupeleka zahanati.

Tuanze na presha, kwa kuwa ndiyo iliyotutia katika habari hizi.

Tulistaafu mwaka 2019. Mwaka uliofuata tulipata kizunguzungu shambani, tukapelekwa kupimwa, na mashine ikasoma 168 juu ya 102. Tulipewa vidonge, na mwuguzi mmoja mwenye subira akatwambia jambo ambalo hatukulitilia maanani siku ile: tuandike kipimo asubuhi na jioni, kila siku, tukiletee kliniki. Mpwa wetu alitununulia mashine ndogo ya mkononi. Tukajifunza kwamba kupima kuna adabu yake. Mtu hukaa ametulia kama dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, nyayo mbili ziko chini, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo, hazungumzi; kisha hupima mara mbili, akipumzika dakika moja katikati. Ukipima huku unamkaripia mjukuu, unapima ukali wako. Kwa watu wengi wanaotumia dawa lengo ni kuwa chini ya 140 juu ya 90, ingawa mwenye kisukari au ugonjwa wa figo au wa moyo anaweza kupewa na daktari wake lengo la chini zaidi.

Baada ya wiki sita tuliliona jambo katika lile daftari ambalo akili yetu peke yake isingeliona. Siku nyingi vipimo vilikuwa vizuri. Lakini Jumanne na Ijumaa, kila wiki, vilipanda. Tukadhani ni chumvi, tukadhani ni jua la bonde hili letu, tukamlaumu hata jirani mwenye redio. Kisha tukasoma safu ya pembeni tulikokuwa tukiandika shughuli za siku. Jumatatu na Alhamisi ndizo siku zetu za shamba. Siku hizo tunatoka kabla ya mapambazuko, kabla ya chai, na vidonge sisi tunameza pamoja na chai. Kumbe mara mbili kwa wiki tulikuwa hatumezi dawa, na tungeapa mbele ya daktari kwamba tunameza kila siku. Hatukuwa na nia ya kusema uongo. Tulikuwa tumesahau, na aliyesahau hajui kwamba amesahau. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya daftari, na ni ya kawaida kabisa: linakumbuka bila kutuonea haya. Mwenye kisukari, mwenye pumu, mwenye kifafa, mama anayehesabu siku zake, wote wanaweza kuitumia faida hiyo. Nenda nalo kwa daktari, umwonyeshe. Utaona maswali yake yanavyobadilika.

Lakini ile safu ya pembeni haikukaa katika shughuli za shamba. Kwanza tuliandika "hatukulala vizuri." Kisha "hatukulala, tuliwaza." Kisha jioni moja, bila kukusudia, kalamu ikaandika jina la mtoto tuliyemfundisha zaidi ya miaka 30 iliyopita. Habari za mtoto huyo tutazileta mbele. Kwa sasa tuseme tu kwamba hapo ndipo tulipogundua tuna daftari mbili ndani ya moja, na ya pili si ya kumwonyesha mwuguzi.

Tunajua wapo watakaosema kuandika mambo ya moyoni ni tabia ya Wazungu, sisi Waafrika husimuliana. Yafaa tulijibu neno hili kwa mfano. Wengi wetu tumefundishwa habari za David Livingstone, aliyefariki kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, mapema Mei 1873. Katika watu waliokuwa naye alikuwamo Jacob Wainwright, Myao, aliyekombolewa utumwani utotoni na kusomeshwa katika shule ya Church Missionary Society huko Nasik, Uhindi. Bwana mkubwa alipokufa, wenzake walimwita Jacob aandike orodha ya vitu vyake, ili mtu asije akawashitaki baadaye. Ni yeye aliyesoma ibada ya mazishi pale moyo wa Livingstone ulipozikwa, na ni yeye aliyechonga maandishi juu ya mti. Na wakati wenzake, wakiongozwa na Chuma na Susi, wakiuchukua mwili kwenda pwani, safari ya miezi kama tisa mpaka Bagamoyo, walikofika Februari 1874, Jacob alikuwa akiandika shajara yake mwenyewe. Ilichapwa kwa Kijerumani mwaka huo huo wa 1874. Tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa wachukuzi wa jeneza katika kanisa la Westminster Abbey, London. Alikufa Urambo, hapa hapa kwetu Tanzania, mwaka 1892. Na Kanoni Apolo Kivebulaya wa Uganda, aliyefariki Mboga, Kongo, mwaka 1933, naye aliacha daftari zake. Basi shajara ina wenyewe Waafrika, na wa Kanisa letu.

Livingstone mwenyewe naye ana funzo kwa ajili ya somo hili, tena funzo lisilotajwa sana shuleni. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe kwenye mto Lualaba, aliishiwa karatasi na wino. Hakuacha kuandika. Alichukua kurasa za gazeti kuukuu la The Standard, akaligeuza, akaandika juu ya chapa, kwa wino wa rangi ya mmea. Tarehe 15 Julai mwaka ule aliona kwa macho yake wafanyabiashara wakiwapiga risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake, na wengi wakafa maji. Aliyaandika hayo juu ya gazeti lile. Wino ulififia mpaka watu hawakuweza kuyasoma, na mwaka 2011 wataalamu wa Uingereza na Marekani walitangaza kwamba wameyasoma tena, kwa kupiga picha kurasa kwa mianga ya rangi mbalimbali. Jambo lililotugusa ni hili. Baadaye Livingstone aliyanakili maandishi yale katika kitabu kikubwa, safi, kilichokusudiwa kusomwa na watu. Na katika kunakili, mambo mengine aliyapunguza na mengine akayapanga upya. Yaani kulikuwa na shajara mbili: ile ya gazeti, iliyoandikwa siku ile ile mkono ukitetemeka, na ile ya kuonyesha. Hatumlaumu. Kila mtu hufunga vifungo vya shati mgeni akipiga hodi. Lakini anayetafuta afya aandike ile ya gazeti.

Tusemalo si maoni ya mstaafu tu. Mwaka 1986 wataalamu wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walitangaza jaribio walilofanya kwa wanafunzi 46 wa chuo kikuu. Wanafunzi waliandika dakika 15 kila jioni kwa siku nne mfululizo. Wengine waliambiwa waandike mambo ya kawaida, kama vile chumba kilivyo au viatu walivyovaa. Wengine waliambiwa waandike juu ya jambo zito kupita yote lililowahi kuwapata, na wasimulie lililotokea pamoja na walivyojisikia. Katika miezi sita iliyofuata, hawa wa mwisho walikwenda kwenye zahanati ya chuo mara chache kuliko wale wa viatu. Tunawasihi wasomaji wasikose na sehemu ya pili ya habari hii: siku zile zile za kuandika, walioandika mambo mazito walikuwa na huzuni zaidi, na presha yao ilipanda kidogo. Anayeandika kweli huumia kwanza. Ukiumia jioni ya kwanza usidhani umekosea njia.

Mwaka 1999 Joshua Smyth na wenzake walifanya vivyo hivyo kwa wagonjwa hasa, watu 112 wenye pumu au baridi yabisi. Waliandika dakika 20 kwa siku tatu tu, na dawa zao hawakuziacha. Baada ya miezi minne, karibu nusu ya walioandika mambo mazito walikuwa na nafuu ambayo daktari aliiona kuwa ya maana, na katika wale walioandika mambo ya kawaida ni kama robo. Huko New Zealand, mwaka 2013, lilitangazwa jaribio la wazee 49, wa miaka 64 hadi 97. Hilo tulilisoma kwa makini zaidi, kwa sababu ni la rika letu. Baada ya kuandika kwa siku tatu walitolewa kipande kidogo sana cha ngozi mkononi, ili donda lao litazamwe linavyopona. Siku ya 11, walioandika mambo ya moyoni waliopona kabisa walikuwa 76 katika kila 100. Katika wenzao, 42.

Sababu yake ni nini? Pennebaker alieleza hivi: kuficha ni kazi. Mtu anayezuia jambo lisitoke, mwili wake unafanya kazi mchana na usiku kama mlinzi asiyepokewa zamu, na mlinzi huyo hatimaye huchoka. Baadaye, mwaka 1997, yeye na wenzake walihesabu maneno katika maandishi ya watu wengi, na hapa mwalimu wa lugha ndani yetu aliinuka kitini. Walioonekana kupata faida zaidi ya afya ni wale ambao, siku baada ya siku, maneno kama "kwa sababu" na "sasa naelewa" yaliongezeka katika maandishi yao. Wale waliorudia kilio kile kile kwa maneno yale yale hawakusogea sana. Tumefundisha kiunganishi "kwa sababu" kwa miaka mingi ubaoni kwa chaki, wala hatukujua kwamba tunafundisha dawa.

Hata hivyo yatupasa tuwe wakweli. Mwaka 2006 mtaalamu mmoja aliyakusanya majaribio 146 ya namna hii, akaona kwamba faida ipo, lakini kwa wastani ni ndogo. Wengine hunufaika sana, wengine kidogo, wengine hawaoni kitu. Kidonge cha presha hakina mbadala katika daftari. Atakayeacha dawa kwa ajili ya makala hii asije akasema Mwalimu ndiye aliyemwambia.

Sasa habari za yule mtoto.

Tulikuwa tukifundisha darasa la sita, katika shule ambayo hatuitaji jina, na tuliwapa wanafunzi insha: "Siku nisiyoisahau." Msichana mmoja aliandika kurasa mbili. Aliandika juu ya usiku baba yake aliporudi amelewa, akauza sare zake za shule na blanketi la mama ili apate fedha za kurudi kunywa. Aliandika vizuri mno. Nukta ziko mahali pake, herufi kubwa ziko mahali pake, na sentensi fupi fupi kama mtu anayepumua kwa shida. Tulimpa alama 9 katika 10. Kisha tukaisimamia ile insha mbele ya darasa, tukaisoma kwa sauti, na jina lake tukalitaja, kama mfano wa insha safi. Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kinaijua. Yaliyompata nyumbani hatutayaandika. Alikosa shule wiki tatu, akarudi, na tangu siku ile mpaka alipomaliza darasa la saba, insha zake zote zilikuwa na mistari mitatu. Mvua imenyesha. Tulikwenda shamba. Tulirudi nyumbani.

Kwa miaka 30 tulikuwa na maelezo yetu: tulikuwa tunamsifu. Tulipoanza kuandika katika daftari la jioni, siku ya kwanza tuliandika maelezo hayo hayo, na siku ya pili vile vile, ila kwa marefu. Siku ya nne kalamu ikaandika "kwa sababu." Kwa sababu siku ile mkaguzi alikuwa amekaa nyuma ya darasa, na sisi tulitaka aone tunavyofundisha insha. Hilo tulikuwa hatujalisema hata kwa mwenzetu wa nyumbani, ambaye tumeishi naye tangu ujana.

Mtoto yule sasa ni mama mtu mzima, yuko Tunduma, anafanya biashara. Tulipanda gari tukaenda kumwona, tukamwomba radhi. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Insha ile naikumbuka, Mwalimu. Nilidhani wewe umeisahau." Kisha akatuletea maji ya kunywa. Tusidanganyane, presha yetu haikushuka kwa ajili ya safari ile. Imeshuka kwa vidonge, na kwa kuvimeza sasa kabla ya kuvaa viatu vya shamba. Kilichobadilika ni usingizi. Ile saa nane ya usiku inatupita tumelala.

Tumeieleza aibu hii kwa sababu moja. Anayejua kwamba kitasomwa, huandika cha kusomwa. Mke akijua mume hufungua daftari lake, ataandika bei ya nyanya. Kijana akijua mzazi anapekua begi, ataandika alichokula. Kwa hiyo wazazi, na hasa sisi walimu, daftari la mtoto likianguka limefunguka, lifunge. Kama una wasiwasi juu yake, muulize kwa mdomo.

Kuna kijana wa hapa hapa kijijini, hatutasema zaidi ya hapo, ambaye mwenzake alifukiwa duarani mbele ya macho yake. Yeye alitoka na mkwaruzo begani. Mama yake alikuja kwetu baada ya miezi miwili: halali, hasemi, amekonda, akisikia karasha linanguruma hutoka nje ya nyumba. Zahanati walimpima malaria, hana. Tulimshauri kwanza ampeleke hospitali Mkwajuni aonane na daktari na aeleze habari yote, wala asiishie kusema kichwa kinauma, akaenda. Pamoja na hayo tulimpa kijana kaunta buku la kwaya mbili na kalamu. Tukamwambia: andika robo saa kwa siku nne, usijali herufi, usijali nukta, hakuna atakayesoma, hata sisi. Ukiona unazidiwa, acha, andika kitu kingine au uje tuzungumze.

Siku ya pili aliacha. Alikuja akasema, "Mzee, hii inaniua." Tukamwambia basi, pumzika. Hatukumsukuma, maana jeraha bichi halifukuliwi. Wapo wanaohitaji majuma, wapo wanaohitaji miezi. Baada ya kama wiki tatu aliomba kalamu nyingine. Hatujui ameandika nini. Tunajua kwamba amerudi kazini, hachimbi, anauza vifaa vya wachimbaji, na kwamba bado kuna siku hazimwendei vizuri.

Kwa wale wanaotaka kuanza, maneno machache ya kazi. Kaunta buku lolote linafaa, na hata daftari la mtoto lililobaki kurasa. Chagua saa moja ya siku isiyo na watu. Andika kwa lugha unayoota nayo. Kama ni Kibungu au Kinyiha au Kisafwa, andika hicho. Si lazima kila siku. Majaribio tuliyoyataja ni ya siku tatu au nne, na anayeandika jambo moja lile lile kila usiku kwa mwaka mzima bila kusogea, huyo anachokonoa donda. Afunge daftari atafute mtu wa kuzungumza naye. Mwenye fikra za kujidhuru asikae na karatasi peke yake, aende kwa watu usiku huo huo, aende hospitali. Asiyejua kuandika anaweza kusema kwa sauti katika simu yenye kurekodi, kisha akafuta. Njia ya kusema mbele ya kinasa sauti nayo imejaribiwa na wataalamu, ikaonekana inasaidia.

Na asiye na jambo zito, ana usingizi mgumu tu wa mtu mwenye shughuli nyingi, kuna dawa nyepesi zaidi. Huko Texas, mwaka 2018, Michael Scullin na wenzake waliwaambia vijana 57 waandike kwa dakika tano kabla ya kulala. Nusu waliandika waliyoyamaliza, nusu waliandika wanayotakiwa kuyafanya siku zinazokuja. Hawa wa pili walisinzia mapema kwa dakika kama tisa, na walioandika orodha ndefu yenye kutaja kila kitu walisinzia upesi zaidi. Mwenzetu wa nyumbani amejaribu. Anaandika: kununua chumvi, kumpigia fundi wa paa, deni la mahindi. Hafiki mstari wa sita.

Limebaki swali la mahali pa kuweka. Nyumba zetu ni ndogo na watoto ni wengi, na tunajua kwamba kwa wengine, wanawake hasa, daftari likionekana linaweza kuleta ugomvi mkubwa kuliko lile lililoandikwa. Mtu wa namna hiyo aandike, kisha achome mekoni. Faida imo katika kuandika. Hakuna aliyetakiwa kuhifadhi. Kijana wetu yeye hakutaka kuchoma. Alilifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akatuletea tumtunzie, na huja kulichukua jioni na kulirudisha asubuhi. Tumeliweka katika sanduku la bati lililokuwa la vitabu vya shule. Sanduku lina kufuli. Anayetaka kutunziwa lake alete limefungwa, ameandika jalada kwa alama anayoijua mwenyewe, siku yoyote baada ya saa kumi, isipokuwa Jumatatu na Alhamisi, kwani siku hizo tuko shamba.